UZI: Mistari ya maegesho kwenye lami, ipakwe lini na itunzwe vipi (Kisumu, Nakuru, magharibi)

#1 Meneja_Jengo_KSM
Wadau, habari zenu. Maegesho ya jengo hapa Kisumu yamewekwa lami ya moto, unene sentimita 5, kazi imeisha Jumamosi. Nafasi ni 60. Mwenye jengo anataka mistari wiki hii kwa sababu wapangaji wanaegesha ovyo. Mtu wa rangi anasema twende kazi, fundi wa lami anasema tungoje mwezi mzima. Yupi nimsikilize? Na tukishapaka, turudie baada ya muda gani?

#2 FundiLami
Msikilize wa lami, ila huo mwezi usiushike kama sheria.

Lami mbichi ina mafuta mepesi yanayopanda juu na kupotea hewani pole pole. Ukiyafunika na rangi kabla hayajaisha, yanapenya kutoka chini na mstari mweupe unageuka rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni la sura tu. Baya zaidi ni kwamba lami yenyewe bado ni laini. Gari likikata usukani limesimama, lami inasogea kidogo, rangi iliyokauka haisogei, basi inapasuka kama tope la mto uliokauka. Mwenye jengo akiona hivyo anasema ameuziwa rangi feki, kumbe rangi haina kosa.

Siku 14 ndizo za chini kabisa. Siku 30 unalala usingizi. Lakini usihesabu kalenda peke yake, pima:

Mwaga ndoo ya maji juu ya lami. Yakitandaa sawasawa na kulowesha uso, mafuta yamepungua vya kutosha. Yakijikunja kuwa matone, au yakionyesha miduara ya rangi rangi kama dizeli kwenye dimbwi, ngoja wiki nyingine. Pima sehemu tatu, na moja iwe chini ya kivuli cha jengo au mti, maana hapo ndipo lami huchelewa kukomaa. Ukipima penye jua pekee utajidanganya.

Kama presha ya mwenye jengo haikwepeki, kuna njia ya kati. Paka mkono mwembamba wa muda, nusu ya unene wa kawaida, rangi ya maji, bila shanga za kioo (zile punje za kurudisha mwanga wa taa usiku). Kisha siku ya 30 hivi unapita tena juu yake kwa unene kamili. Utatumia rangi zaidi, lakini magari yatajipanga kuanzia wiki hii na mstari wa kudumu utakaa juu ya lami iliyokomaa. Siku hiyo ya kwanza hakikisha lami imepoa kabisa. Kupaka jioni ya siku ileile iliyomwagwa ni kuchezea pesa.

#3 DadaQS
Naongezea hapo kwa "rangi ya maji", maana dukani ukiomba rangi ya barabara unaweza kupewa yoyote. Kuna aina mbili ambazo utazikuta kwa urahisi: akriliki ya maji, na ile ya mpira wa klorini inayochanganywa na thina.

Thina inayeyusha lami. Ukipaka ya thina kwenye lami ya siku tano, unaikaribisha lami ipande ndani ya rangi. Utaona njano njano kabla hata haijakauka. Kwenye lami ya miaka miwili mitatu ambayo imeshakuwa ya kijivu, ya thina inashika vizuri na haisumbuliwi sana na unyevu wa hewa. Kwa hiyo Meneja, rangi yako ni ya maji, bila mjadala.

Na someni kopo. Kama halijaandikwa kwamba ni ya kuchora mistari barabarani, wachaneni nayo. Rangi ya ukuta wa nje haikutengenezwa kwa magurudumu.

#4 Meneja_Jengo_KSM
Asanteni sana. Basi tutapaka wa muda. Sasa mvua. Hapa kwetu asubuhi jua kali, saa kumi hivi mbingu inafunguka. Nipange saa ngapi?

#5 FundiLami
Hiyo mvua ya jioni ya ziwa ndiyo inayoosha kazi nyingi Kisumu. Rangi ya maji inaweza kuonekana kavu juu kwa dakika 20, lakini chini bado haijafunga. Mvua kubwa ikiipiga ndani ya saa moja, inaondoka nyeupe kama maziwa hadi kwenye mtaro. Hewa ikiwa nzito hata saa mbili hazitoshi.

Dirisha lako ni saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita. Kabla ya hapo kuna umande. Baada ya saa sita uso wa lami unakuwa moto kupita kiasi: ukipita nyuzi 50 hivi, rangi inakauka juu kwanza, maji yanabaki chini yakitafuta njia, unapata malengelenge kama ya kuungua na uji. Kama huna kipimajoto cha kulenga, weka kiganja juu ya lami. Usipoweza kukiacha hapo kwa sekunde tano, acha kazi. Na hata lami ikiwa haijachemka, saa nane mchana weka chini vifaa hata kama anga ni safi.

Mengine ya hali ya hewa: joto la uso lisiwe chini ya nyuzi 10, unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na uso uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kujikusanya. Kwa aliye na simu tu, ramani ya mvua na kiganja vinatosha kwa sehemu kubwa.

Kwa miezi, Desemba mwishoni hadi Februari ndiyo nzuri kwa Kisumu na Nakuru. Machi hadi Mei msijitese. Kericho na Kakamega mvua haina adabu ya msimu, huko mnawinda asubuhi kavu, siku moja moja.

#6 Nakuru_Mistari
Nakuru hadithi ni nyingine. Tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, asubuhi ni baridi na umande unakaa kwenye lami hadi saa tatu au saa tatu na nusu. Lami nyeusi inaonekana kavu na si kavu. Chukua karatasi ya nailoni angavu, upana wa futi moja kwa futi moja, ibandike kwa selotepu pande zote nne, ngoja dakika 15. Ukiona ukungu ndani, maji bado yamo kwenye vitundu vya lami. Ukipaka hapo, rangi itabanduka yote kwa kipande, kama ganda la yai.

La pili ni vumbi letu. Udongo wa volkano ni mwepesi kama unga, unarudi dakika kumi baada ya kufagia. Kufagia kwa ufagio laini hakusaidii, unahamisha tu. Piga brashi ngumu, kisha upepo wa mashine, na upake sehemu uliyosafisha muda huohuo. Msisafishe uwanja mzima asubuhi halafu mpake saa tano, mtakuwa mnapaka rangi juu ya unga. Upepo ukianza kuinua karatasi, funga mashine, maana rangi itaishia kwenye milango ya magari ya watu na hiyo bili haimo kwenye kotesheni.

Mkiosha kwa maji, kaeni siku nzima ya jua kabla ya kupaka.

#7 Rola_na_Ndoo
Mafuta ya injini je? Sehemu ambapo bodaboda huegesha hapa Kakamega ni nyeusi tii.

#8 FundiLami
Kwaruza yaliyoganda, mwaga unga wa mbao au mchanga mkavu unyonye, kisha sugua kwa sabuni kali ya kuondolea grisi, suuza, kausha, rudia. Usitumie petroli wala dizeli kusafisha, utayeyusha lami. Doa likiwa limezama, paka praima ya kuzibia madoa ya mafuta kwanza. Na kama lami hapo imeshakuwa laini ukiikwaruza kwa bisibisi, hakuna rangi itakayokaa. Kata kipande hicho, weka kiraka cha lami ya moto.

Kiraka cha lami baridi ya gunia ni janga jingine. Kina mafuta mepesi zaidi na hukaa laini muda mrefu. Mstari ukipita juu yake tegemea kuurudia.

Na bodaboda zitengewe eneo lao, mita 1 kwa 2.5 kila moja. Humo wekeni bamba la chuma au mbao chini ya stendi. Lami mpya kwenye jua la mchana inatobolewa na stendi ya pikipiki kama mandazi.

#9 DadaQS
Tupige hesabu ya Meneja, maana naona hapa watu wananunua rangi kwa kukisia.

Nafasi 60, tuseme safu 4 za magari 15. Kila nafasi mita 2.5 kwa 5, njia ya kupita katikati mita 6 kama mnaegesha wima. Mstari upana wa milimita 100.

Safu ya nafasi 15 ina mistari 16, si 15. Mara mita 5 ni mita 80. Safu nne ni mita 320. Safu mbili zikipeana mgongo mnahitaji mstari wa kugawa, mita 37.5. Ukiwa na miwili ni 75. Jumla mita 395, sawa na mita za mraba 39.5. Ongeza mishale sita mikubwa, kama mita 7 za mraba. Tufanye 47.

Unene kamili ukiwa bado mbichi ni mikroni 380, yaani milimita 0.38. Lita moja inafunika mita za mraba 2.6, yaani mita 26 za mstari. 47 gawa kwa 2.6 ni lita 18. Ongeza asilimia 15 ya kumwagika, ya kubaki kwenye bomba na ya mikono ya watu. Lita 21. Yaani ndoo ya lita 20 na kopo dogo la ziada. Mkono wa muda ni nusu ya hapo. Bluu ya nafasi za watu wenye ulemavu na njano ya sehemu za kutoegesha hesabuni peke yake.

Kipimo cha kumkamata kandarasi: ndoo ya lita 20 inatakiwa kwenda kama mita 450 hivi za mstari. Ikienda mita 700, ameipaka kama maji ya kunawa. Ikiishia mita 300, anatembea polepole mno au mashine ina tundu kubwa.

Na habari ya kuongeza maji. Rangi nyingi za aina hii, karibu asilimia 58 ya ujazo ndiyo inayobaki baada ya kukauka. Mikroni 380 mbichi inakuachia 220. Akiongeza maji asilimia 20, kwa mwendo uleule wa mashine inakuachia kama 184. Kwa macho siku hiyo hutaona tofauti, mwakani utaiona.

#10 Rola_na_Ndoo
Sisi wa rola tufanyeje? Mashine ni ya kukodi na si kila mji inapatikana.

#11 Nakuru_Mistari
Rola inafanya kazi nzuri tu kwenye nafasi 60, ila mkono mmoja wa rola hautoi mikroni 380. Ukibahatika ni 150. Kwa hiyo mikono miwili hadi mitatu, na kila mmoja ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Tumia rola ya inchi 4 yenye manyoya mafupi na utepe wa karatasi pande zote mbili. Utepe utolewe rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ukingoja ikauke, unang'oa na kingo.

Kwa wenye mashine: tundu la inchi 0.019 kwa mstari wa milimita 100, pua iwe kama sentimita 15 juu ya lami. Anza na presha ndogo, ongeza hadi ile mikia miwili ya pembeni ya mstari ipotee, ishia hapo. Presha ya ziada inaleta ukungu wa rangi tu. Chuja rangi kila mara hata kama ndoo ni mpya. Ngozi ndogo iliyoganda kwenye kifuniko inaziba pua katikati ya mstari, na mstari uliokatika unaonekana kuungwa hadi mwisho wa maisha yake.

Kuchora ndiko kunakoharibu wengi. Msipime nafasi moja moja. Ukikosea sentimita moja kila nafasi, ya 15 imehama sentimita 15. Nyoosha tepu ya mita 50 mara moja, weka alama 0, 2.5, 5, 7.5 hadi 37.5 bila kuinua tepu, na kila alama iwe katikati ya mstari. Pembe mraba mnaipata kwa 6, 8 na 10: mita 6 upande mmoja, mita 8 upande wa pili, mshazari ukisoma 10 mko wima. Msifuate ukingo wa jengo wala wa mtaro, hakuna uliowahi kunyooka. Piga kamba ya chaki. Ile chaki ya unga mwekundu iepukeni, inabaki chini ya rangi nyeupe na kuonekana waridi.

#12 Meneja_Jengo_KSM
Kandarasi mwingine ameleta bei ya ile rangi ya kuyeyushwa kwa moto. Anasema inapakwa hata leo na hatutarudia miaka mitano. Ni kweli?

#13 FundiLami
Nusu kweli. Thamoplastiki inayeyushwa nyuzi 180 hadi 200 na kumwagwa ikiwa moto, inashikana na lami kwa joto, kwa hiyo lami mpya haiisumbui kama rangi. Lakini lami iwe kavu kweli kweli. Unyevu ukigeuka mvuke chini yake unatoa matundu. Kwenye lami kuukuu ya kijivu bila praima inabanduka vipande vizima.

Uzito: kwa unene wa milimita 2 ni kama kilo 4 kwa mita ya mraba. Gunia la kilo 25 linatoa kama mita 62 za mstari. Kwa mita 395 ni magunia 6 na zaidi, bado mishale. Kisha mtungi wa kuyeyushia, gesi, na watu wanaojua. Ikipitishwa joto, inageuka njano na kuvunjika.

#14 DadaQS
Mimi naona ni kupoteza pesa kwenye maegesho. Barabara kuu sawa. Kwenye nafasi ya gari mstari hauchakai kwa kukanyagwa, magari yanasimama katikati ya mistari. Unachafuka na kufifia kwa jua. Sasa unalipia uimara ambao hauhitaji.

#15 FundiLami
Hapo dada tunakutana nusu njia. Mistari ya nafasi iwe rangi. Mishale ya langoni, mstari wa kusimama na kivuko cha watu, pale magurudumu yanapokata kona, weka thamoplastiki. Shanga za kioo pia ziwekeni huko tu, gramu 700 hivi kwa kila lita ya rangi, zinyunyizwe papo hapo rangi ikiwa mbichi ili zizame nusu na kidogo. Zikichelewa zinakaa juu na gari la kwanza linaondoka nazo.

#16 Rola_na_Ndoo
Na kabro? Maana maegesho mengi huku ni kabro, si lami.

#17 Nakuru_Mistari
Kabro usipake. Rangi inakatika kwenye kila kiungo na mchanga unaila. Wakati wa kupanga weka safu ya kabro za rangi tofauti, imeisha hiyo. Turudi kwa lami.

#18 Meneja_Jengo_KSM
Matunzo sasa. Nirudie lini?

#19 DadaQS
Mistari ya nafasi, miezi 18 hadi 24. Langoni na konani, miezi 12. Lakini kagua kabla ya kununua. Sugua mstari kwa kidole: ukitoka unga mweupe, uso umechoka, unahitaji kuoshwa na mkono mmoja. Kisha chora msalaba kwa kisu, bandika selotepu ya katoni, vuta kwa nguvu. Ikibaki safi, rangi ya zamani inashika na unaweza kupaka juu yake. Ikija na vipande, kwaruza kwanza, la sivyo mpya itaondoka na ya zamani.

Mkirudia, msipake unene kamili tena. Mikroni 250 mbichi zinatosha. Rangi ikirundikana mkono juu ya mkono hadi karibu milimita moja, inajikunja kwenye jua na kuvuta lami nayo, utaona nyufa mbili zimefuata kingo za mstari. Hapo ni kusaga yote na kuanza upya. Anayesaga njano ya zamani avae barakoa nzuri. Njano nyingi za kale zilikuwa na madini ya risasi.

Kati ya hapo, osheni mara mbili kwa mwaka baada ya mvua kuisha. Matope mekundu yakikaa msimu mzima hayatoki tena. Nusu ya mistari "iliyofifia" Kisumu imefunikwa na uchafu tu.

#20 Rola_na_Ndoo
Na kama mpangilio umebadilika? Wengi wanapaka nyeusi juu ya mstari wa zamani.

#21 FundiLami
Nyeusi inachakaa, nyeupe inachungulia. Na usiku wa mvua taa zikipiga, ile nyeusi laini inang'aa kuliko lami, dereva anaona mistari miwili na hajui afuate upi. Saga, au osha kwa maji ya presha kubwa mno. Kusaga kunaacha kovu, kwa hiyo sageni eneo pana la mraba badala ya kufuata umbo la mshale, maana mshale uliosagwa bado ni mshale.

Kama mna mpango wa kupaka uso wa lami koti jipya la kuilinda, hiyo ndiyo nafasi ya kubadilisha mpangilio. Koti kwanza, saa 24 hadi 48 za ukavu, kisha mistari. Nimeona kotesheni zimepanga kinyume.

#22 Nakuru_Mistari
Kuosha vifaa: si kwenye mtaro wa mvua. Wa Kisumu unaenda ziwani Victoria, wa kwetu unaenda Ziwa Nakuru kwa ndege. Osha ndani ya pipa, acha rangi itulie chini, maji yakauke, tupa yabisi na taka.

#23 Meneja_Jengo_KSM
Nimewapata. Mkono wa muda Alhamisi saa mbili na nusu, wa kudumu baada ya siku 30 na ndoo ya maji. Itakayobaki kwenye kopo niiweke stoo ya mabati nje?

#24 DadaQS
Hapana bosi, hiyo stoo mchana ni tanuri. Hamishia kopo dogo lijae hadi juu, tandaza nailoni chini ya kifuniko, gonga kifuniko kwa nyundo ya mpira, kopo ulilaze kichwa chini ndani ya jengo. Andika tarehe. Ndani ya miezi 12 inafaa kwa viraka. Ikifunguliwa ikanuka kama maziwa yaliyolala, usiipake.